Mkubwa wa Kapteni Kambale

Harufu ya utoto wangu ni ya sambaza zikikaangwa na petroli ikiungua, zote mbili kwa pamoja, hata leo nikipita mahali penye moja tu pua yangu huuliza nyingine iko wapi. Sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wembamba kama kidole cha mtoto, na mama yangu alizikaanga kila Jumamosi na Jumapili alasiri mbele ya sinema ya baba mkubwa, kule Katindo, mtaa wetu wa Goma. Petroli ilikuwa ya jenereta iliyonguruma nyuma ya ukuta. Tukisema sinema msomaji asifikirie jumba. Kilikuwa kibanda cha mbao kilichosimamishwa juu ya mawe meusi ya volkano, paa la bati, madawati yaliyonunuliwa kutoka shule fulani, runinga moja kubwa, spika mbili ndefu, na kiti kimoja chenye mto ambacho kilikuwa cha mfasiri. Mbao zilikuwa na nyufa, kwa hiyo mama aliyekuwa nje na karai lake alisikia kila neno lililosemwa ndani, ingawa katika muda wote huo hakuwahi kuvuka kizingiti ili aangalie. Alisema moshi wa mafuta umemtosha macho. Kwa hilo nilimwamini, nami sikuwa mtu wa kumwamini kwa mengi.

Niseme mapema kwamba nilikuwa mtoto wa kushuku. Nikipewa chai yenye sukari nyingi nilijiuliza wanataka kunituma wapi. Majirani walicheka na kusema nimezaliwa mzee, lakini ugonjwa wangu ulikuwa na chanzo, nacho kilikuwa jina langu. Sisi Wanande, ambao wengi wetu tulishuka Goma kutoka Butembo, Beni na milima ya Lubero, hatumpi mtoto jina kwa sababu linapendeza masikioni. Mtoto hupewa nafasi yake tumboni mwa mama yake. Kwetu, mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, na foleni inaendelea. Ukinitajia jina lako nimeshajua wangapi walikutangulia. Mimi naitwa Kambale, na nyumbani kwa mama nilikuwa peke yangu. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na hakukuwa na kaka mbele yangu wala nyuma. Kila mtu aliyesikia jina langu aliuliza swali lile lile, na mama alilijibu kwa neno moja, kwamba mkubwa wangu alikufa, kisha akainuka kwenda kutafuta maji hata kama ndoo zilikuwa zimejaa.

Ningekubali, maana watoto hufa, na katika mji wetu hilo si jambo la kubishia. Ila kila mwaka, siku ya marehemu wote, tulikwenda misani na mama alitaja majina ya watu wake ili padri awaombee. Alimtaja baba. Alimtaja babu, na shangazi mmoja aliyekufa kwa homa, na hata jirani ambaye walikuwa hawasalimiani. Jina la Paluku hakulitaja. Mama aliyeombea roho ya adui yake alimsahau mtoto wake wa kwanza? Nilikaa pale kwenye benchi nikimtazama kwa pembe ya jicho, nikajiambia kwamba mtu haombewi misa ya wafu akiwa hai. Tangu siku hiyo nilianza kumtafuta Paluku katika nyuso za watu. Katindo kuna kambi ya jeshi, na askari vijana walipopita nilichungulia masikio yao, kwa kuwa yangu yamesimama na nilidhani ya kaka yangu lazima yasimame pia. Niliogopa kwamba yuko msituni na bunduki, na niliogopa zaidi kwamba yuko mahali pazuri na hana haja nasi.

Nilipokaribia kumaliza shule ya msingi, akaja kwetu Tonton Placide, tonton kwetu ikiwa ni mjomba. Mama alimtambulisha kwa baba mkubwa kama mdogo wake wa mwisho, aliyelelewa na bibi kule milimani, na sasa amekuja mjini kutafuta maisha. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti nzito isiyolingana na kifua chake chembamba. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa mwenye sinema na mwenye kiwanja tulichoishi. Alikuwa mtu wa haki lakini mgumu, asiyependa kuchezewa, na aliposikia ile sauti akampa kazi ya kutafsiri filamu. Mimi nilimpokea mgeni kwa macho makali. Mama alimwekea sambaza za mwisho, zile za moto. Mama alimkata nywele yeye mwenyewe, kijana mzima mwenye ndevu ameinamisha kichwa kama anayebatizwa. Halafu hakuwa na namba. Ukimwuliza jina lake la kwetu alicheka na kusema, "Miye ni Placide tu, inatosha." Mama Furaha, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka Rutshuru, ambaye kwao hawana desturi yetu na ambaye alikuwa mtazamaji wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, alimtania kila mara. "Banande bote munaitana kama askari kwa mustari, na wewe moja hauna namba. Uliibwa wapi?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu: mama alikuwa na kaka watatu, Paluku mwenye duka Birere, Kambale aliyefariki, na Kasereka wa Beni. Mdogo wao wa kiume, wa nne, alipaswa kuwa Kakule. Kwa nini aone aibu kuitwa Kakule?

Sasa nieleze filamu yenyewe, kwani ndiyo iliyotuvuruga. Ilikuwa filamu ya vipindi vingi, iliyofika kwetu kwenye diski zilizonakiliwa, ikizungumza Kifaransa juu ya lugha nyingine iliyosikika kwa chini. Jina lake la kweli lilikuwa refu na hakuna aliyelitumia. Sisi tuliiita Chombo. Ilihusu merikebu kubwa ya angani iliyobeba watu waliofukuzwa kwenye dunia yao, ikiwapeleka kutafuta nyingine kati ya nyota, na kila walipokaribia kutua palikuwa na wenyeji wasiowataka. Hadithi hiyo haikuhitaji maelezo mengi mjini Goma. Mwenye kuiongoza alikuwa kapteni mmoja mwenye kovu mkono wa kushoto, mtu wa maneno machache, na jina lake la kizungu lilikuwa na herufi ambazo ulimi ulikataa. Tonton Placide alilitupilia mbali katika kipindi cha kwanza kabisa. Akashika maikrofoni, akasema, "Huyu mwanaume munaona hapa anaitwa Kapteni Kambale." Sinema nzima ilipiga kelele za furaha. Mimi nilidhani ananibembeleza kwa sababu namwonea kijicho, na kwa kweli nilibembelezeka.

Lakini huwezi kuwaambia Wanande kwamba mtu anaitwa Kambale kisha ukategemea wakae kimya. Kabla kipindi cha kwanza hakijaisha sauti ikatoka madawati ya nyuma ikiuliza, Paluku yuko wapi? Swali hilo likaota mizizi. Kila alipotokea mgeni kwenye merikebu, mwenye ndevu au mwenye kofia ya chuma, watu walinong'ona kwamba ndiye. Wazee walibishana kama mkubwa wake ndiye anayeongoza adui. Tonton Placide hakuzima moto, aliuchochea. Kapteni alipokaa peke yake dirishani akitazama giza, na kwenye runinga hapakuwa na maneno ila muziki, Tonton alijaza mwenyewe: "Anawaza mukubwa yake. Anajua iko hai. Anajiuliza kama atamutambua." Aliyasema polepole, bila mbwembwe zake za kawaida, na nje nilisikia mafuta yakichemka bila mtu kugeuza samaki. Chombo ikafika mwisho wake, kapteni akabaki nyuma peke yake ili wengine waokoke, na mkubwa wake hakutokea. Watu walitoka wakinung'unika kama waliopunjwa. Tonton akawaapia kwamba atakuja, wasichoke.

Zikapita wiki, ndipo tukasikia kwamba watengenezaji wametoa nyingine, iliyozaliwa na ile ya kwanza, inayosimulia utoto na ujana wa kapteni katika mji wa kwao kabla ya safari. Sisi tuliiita Mtoto wa Chombo. Pengine jina hilo ndilo lililoleta balaa, kwa kuwa mtoto akizaliwa kwetu watu hawamsifu kwanza, wanamchunguza amefanana na nani. Siku ya kwanza kibanda kilijaa hadi watu wakasimama mlangoni wakimpa mama mgongo. Hawakuwa wamekuja kustarehe. Walikaa kama wajumbe wa baraza la ukoo walioletewa mtu anayedai urithi, na kabla ya nusu saa ushahidi ulishaanza kumlemea. Kovu la kapteni, ambalo katika Chombo alisema alilipata utotoni kwa kuungua, hapa halikuonekana, naye ameshakuwa kijana wa kuoa. Milango ya merikebu iliyokuwa ikifunguka kwa pembeni sasa ilifunguka kwa kwenda juu. Yule daktari mzee aliyelia katika Chombo kwa sababu ameona mvua kwa mara ya kwanza maishani, huku tukamwona kijana, analoa mvua sokoni na hata hajali. "Huyu mutoto haiko ya ile mama," Mama Furaha akatoa hukumu. "Bameokota mahali." Wengine walisema diski ni bandia, imepigwa na matapeli mahali fulani ili kutumaliza. Wengine walisema ni ya kweli ila waandishi wa kwanza wamekufa na hawa wapya hawakujisumbua kuuliza. Kijana mmoja aitwaye Bahati, mwanafunzi wa sekondari aliyejua Kifaransa vizuri na kupenda tujue kwamba anakijua, alisema kosa si la filamu, bali tuanze kumshuku anayetafsiri. Maneno hayo yalipita wakati ule kama upepo, lakini mimi niliyaokota, kwani siri ya mtungi aijuaye kata.

Jambo lililowakera kuliko kovu na milango lilikuwa familia. Nyumba ya kapteni tuliionyeshwa vizuri, meza, vitanda, mama yake mwenye nywele nyeupe mapema, na kitanda cha mtoto kilikuwa kimoja. Paluku hakuwapo wala hakutajwa. Badala ya kukubali kwamba hayupo, watazamaji walianza kumshuku mama. Katika mji ule palikuwa na sheria kwamba nyumba yenye watoto wawili wa kiume hutoa mmoja aende kutumika angani, na mara nyingi waliotolewa hawakurudi. Basi mwanamke mmoja wa dawati la mbele, aliyewahi kuwaficha wanawe chini ya mahindi wakati wa vita vya Rutshuru, akasema ni wazi kama mchana: huyu mama amemficha wa kwanza. Nadharia hiyo ilikamata kibanda kizima. Kila mama wa kapteni alipofungua kabati watu walijikunja ili waone ndani. Alipobeba chakula kwenda nje walisema anampelekea. Sijawahi kuona filamu ikitazamwa hivyo, watu hawaangalii kinachoonyeshwa, wanaangalia pembeni yake, nyuma ya mapazia. Nami nilikuwa nikifanya vivyo hivyo nyumbani. Nilimfuata mama alipokwenda kuchota maji. Nilihesabu sahani. Siku moja nilimwuliza Tonton Placide ana kwa ana kama amewahi kumwona kaka yangu. Alinisugua kichwa tu, akatoka. Nikajua kwamba anajua.

Ikaja Jumapili ile. Tulikuwa tumetoka misani, jua kali, mabati yanalia. Kwenye runinga maofisa wawili wenye makoti ya kijivu walibisha hodi kwa mama wa kapteni, wakaingia, wakatazama vitanda, na mmoja akamwuliza ana watoto wangapi wa kiume. Mwanamke akaweka mkono kwenye bega la mwanawe, akajibu kwa sentensi fupi ya Kifaransa. Sote tukasubiri Kiswahili chake kutoka kwa Tonton Placide. Hakikuja. Tulisikia pumzi yake ndani ya spika, nzito, kama ya mtu aliyepanda mlima. Kisha akasema, "Huyu mama anasema uongo." Watu wakaitika kwa mshindo, tulijua, tulijua! Yeye akaendelea kana kwamba hawasikii. "Iko na mutoto ingine, wa kwanza. Alimuzaa akiwa musichana, mbele ya ndoa. Alimuacha kwa nyanya yake kule mulima, na alipokuya kumuona akamuambia, usiniite mama, uniite dada." Kwenye runinga maofisa walikuwa wameshaondoka na watu wengine kabisa walikuwa wanazungumza, lakini sauti ile ilizidi kusimulia, na taratibu furaha ya watu ikageuka kitu kingine.

Bahati akasimama juu ya dawati. "Hajasema hivyo! Amesema mon fils unique! Mutoto yangu wa pekee! Huyu anatudanganya toka mwanzo, hata Kambale haiko jina ya ule kapteni!" Njia ya mwongo ni fupi, akafoka mzee mmoja, na kelele zikalipuka. Hao hao waliokuwa wameapa kwamba Paluku yupo sasa waligeuka wakidai wamelishwa Paluku na mfasiri. Wengine walimtetea, wakisema Kifaransa cha Bahati ni cha darasani. Mtu alirusha kiatu. Ndipo jenereta ikazimwa, runinga ikawa nyeusi, na baba mkubwa akaingia akijifuta mikono. Hakupiga kelele, maana hakuwa na haja. Alimwuliza Tonton mbele ya wote ni nani aliyempa habari za mtoto wa milimani. Baba mkubwa akamwambia, "Batu banakuya hapa kusikia filamu, hapana ndoto zako. Toka leo hautafsiri tena. Na mbele ya jioni utoke kwa kiwanja yangu, urudi kwenu." Tonton Placide akaweka maikrofoni juu ya kiti chenye mto, taratibu, akaanza kutafuta njia kati ya madawati. Nilimtazama masikio. Sijui kwa nini sikuwahi kuyatazama, mimi niliyechunguza masikio ya jeshi zima.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ndani ya kizingiti, kijiko chenye matundu mkononi kikidondosha mafuta juu ya sakafu. Sidhani alijua kwamba amekishika. Watu walimpisha kwa kuwa walidhani amekuja kumchukua mdogo wake kwa aibu. Alimtazama tu yule kijana, akamwita kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia, ya chini na thabiti. "Paluku. Mutoto yangu wa kwanza. Kuya." Hakuna Mnande aliyehitaji maelezo. Watu waliomfahamu mama tangu arusi yake, waliojua majina ya kaka zake wote, walielewa kwa neno moja mambo ambayo alikuwa ameyaficha zaidi ya miaka ishirini, na nilisikia mwanamke mmoja akivuta pumzi kwa meno. Hata Mama Furaha, ambaye namba zetu hazimhusu, aliziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimekaa dawati la tatu. Nilitaka kukimbia kumshika kaka yangu na nilitaka pia kumpiga mama, na kwa sababu sikujua lipi litangulie nilibaki nimekaa, machozi yananitoka.

Baba mkubwa alimwuliza jambo moja tu. "Na ndugu yangu alijua?" Mama akasema alijua. Alimwambia kila kitu kabla hawajafunga ndoa, na baba akakubali kumwoa, ila akaomba ukoo wake usijue. Nilipozaliwa ndugu walitaka niitwe jina la mtoto wa kwanza, baba akakataa, akawaambia kulikuwa na mwingine kabla yangu aliyekufa, kwa hiyo mimi ni Kambale. Alitaka angalau jina liseme kweli. Baba mkubwa alisikiliza haya akiangalia chini, na nadhani kilichomuuma si mtoto bali ni kwamba mdogo wake, ambaye alimlilia hadi sauti ikamwisha, alikuwa amemwambia uongo na kumwachia auamini. "Mulinicheka," akasema. "Mulikuwa munakaa kwangu na munanicheka." Hatukuongezewa neno. Kabla ya mvua za masika tulikuwa tumehama Katindo, sisi watatu, tukaenda kupanga chumba Ndosho, pembeni mwa mji, mama na karai lake bila mlango wa sinema wa kulikalisha. Njiani, tukisukuma vitu vyetu kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, nilimwuliza mama kwa nini alisema, wakati alikuwa na maneno ya kutosha kuendelea kuficha. Alijibu bila kupunguza mwendo. "Nilishamufukuzaka mara moja. Mara ya pili, hapana." Paluku naye aliniambia baadaye kwamba hakuwa na nia ya kulipua jambo siku ile. Alikuwa akitafuta namna ya kuniambia tangu alipofika, na pale kwenye maikrofoni ndipo mahali pekee alipoweza kusema bila mtu kumwangalia usoni.

Mtoto wa Chombo iliendelea kuonyeshwa bila sisi. Baba mkubwa alileta mfasiri mwingine, mtu makini, aliyetafsiri kila sentensi kama ilivyosemwa na kuwaambia watu waziwazi kwamba kapteni hakuwa na ndugu yeyote. Bahati alifurahi, akawa amekaa karibu peke yake. Wengine walihama kidogokidogo. Mama Furaha alitueleza mwenyewe siku alipotutembelea Ndosho na kilo chache za makala kama zawadi. Yule mfasiri mpya, alisema, alibishiwa kila dakika. Aliposema kapteni ni mtoto wa pekee, wazee walimjibu kwamba asiwapotoshe, Paluku wanamjua, wamemwona kwa macho yao, anaishi Ndosho na mama yake. Kovu lililopotea halikuwasumbua tena, wala milango. Walikuwa wameamua ni hadithi ipi ya kweli, na watengenezaji wa filamu, popote walipo, ndio waliokosea.

Siku hizi mambo ya aina hiyo nayaangalia kwenye simu, peke yangu, kwa Kifaransa na bila mfasiri. Nyingine ikizaliwa na ile iliyopendwa, watu wa mataifa yote hukusanyika mtandaoni kulalamika kwamba fulani alikuwa na dada na sasa hana, kwamba mji ulioteketea umesimama tena bila maelezo. Wenzangu kazini huwacheka, wanasema ni watu wazima wasio na shughuli. Mimi siwacheki. Nimekua katika nyumba ambamo mtu aliondolewa kwenye hadithi na sisi wengine tukatakiwa kuendelea kula kana kwamba meza imetimia, na najua mtu anayeuliza "yule yuko wapi" si lazima awe anauliza kuhusu filamu. Ila nawaonea huruma kwa upweke wao. Wanashuku kila mmoja kwenye kioo chake, usiku unapita, na hakuna mlango ambao mtu anaweza kuuingia akakata shauri. Kibanda chetu kilikuwa na joto, kelele na ujinga mwingi, lakini uongo ukisemwa mle ndani ulipata mtu wa kuupinga hapo hapo, na ukweli pia. Sasa hivi naamini machache kuliko nilivyoamini nikiwa mtoto, na sina ninayemwambia.

Paluku anaishi Butembo, ana mke na watoto, na sauti yake inatangaza vifo na arusi katika redio ndogo ya huko. Barabara kati yetu imefungwa na vita, kwa hiyo tunaonana kwa simu mtandao unapokubali. Tumeshagombana kama ndugu, tumeshanyimana salamu kama ndugu. Baba mkubwa alikuja kutuona kabla hajafa, akala kwa mama, hakusema kitu kuhusu siku ile na hakuna aliyemlazimisha. Mama amezeeka, magoti yamemwacha, anakaa sebuleni mchana kutwa na blanketi miguuni. Hamwiti tena Placide. Humwita Paluku kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba chumvi, akiniuliza kama Paluku amepiga simu, kama watoto wa Paluku wamepona. Lakini kila mara, kabla ya kulitaja jina hilo, hata tukiwa wawili tu nyumbani, hutazama kwanza mlango.